Ndoo ya Bwana Pua

Sehemu ya Kumi na Moja

Ametema!

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wapo mlioninunia siku saba nzima. Mama Chumvi alichungulia kwenye dirisha la kupitishia chakula, akamwona Bwana Pua akiinama pembeni ya meza na kutema kitu kwenye ndoo ndogo ya bati. Sahani ya Mama Chumvi ilikuwa mbele yake. Mama Chumvi hakutaka maelezo. Alitoka jikoni na upawa mkononi.

Sasa yuko katikati ya ukumbi wa chakula, aproni imemkaa upande, na upawa uko juu.

"Miaka kumi na tisa napika hapa!" alifoka. "Wamekuja wagonjwa, wamekuja waliofiwa, wamekuja wazee wasio na jino hata moja. Hakuna aliyetema!"

"Mama, tafadhali," alisema Meneja. Alikuwa amejificha nyuma ya menyu. Menyu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, haikumficha chochote.

"Wewe nyamaza. Namuuliza huyu."

Bwana Pua alijifuta midomo polepole. Ni mtu mwembamba wa suti ya kijivu, na kazi yake ni kuonja mvinyo na kuzishauri hoteli uende na chakula gani. Jina hilo la Pua amepewa na watu, na ukimwona hutauliza kwa nini.

"Mama," alisema, "sahani yako sijaigusa. Tazama uma."

Mama Chumvi alitazama. Uma ulikuwa unang'aa. Nyama haikuwa imekatwa hata kidogo.

"Sasa umetema nini?"

"Mvinyo."

"Mvinyo huu huu uliouleta mwenyewe?"

"Huu huu."

"Umeharibika?"

"Ni mzuri sana."

Upawa ulishuka hadi usawa wa bega.

"Unatema kitu kizuri?"

"Ndiyo kazi. Kwa siku naonja mpaka aina thelathini. Nikimeza zote, ikifika adhuhuri nitakuwa naimba barabarani bila viatu. Naonja, natema, naandika. Mwaka wa ishirini na sita huu, sijameza hata tone nikiwa kazini."

Mama Chumvi aliuficha upawa nyuma ya mgongo, mahali ambapo kila mtu aliendelea kuuona. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Kutoka meza ya pembeni kikasikika kicheko, na kicheko hicho kilikuwa cha Mpishi Kofia.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa ajili ya kufungia sabuni, ngoja nikuweke sawa upesi. Mwenye hoteli ameagiza mvinyo mwekundu mzito kwa ajili ya ukumbi mpya. Ametoa neno moja: mpishi ambaye sahani yake itachaguliwa na Bwana Pua iende na mvinyo huo, ndiye atakayeshika jiko kubwa. Yule mwingine atahamia jiko la nyuma, karibu na mapipa ya taka, awapikie wafanyakazi mpaka astaafu. Kwa sasa sufuria ya wafanyakazi hupikwa kwa zamu, leo huyu, kesho yule, na kila mmoja huipika akiwa amenuna.

Jiko kubwa ni la Mama Chumvi. Amelishika miaka yote hiyo, analijua kila msumari, na hata mlango wa friji unaogoma kwa wengine humfungukia yeye. Mpishi Kofia amefika miezi mitatu iliyopita na vitabu sita, pamoja na kofia ndefu inayomlazimisha kuinama kila mlangoni.

Na kuna jambo la tatu, ndilo linalomnyima Mama Chumvi usingizi. Hajawahi kuonja kilevi maishani mwake. Baba yake alikuwa mtu wa chupa. Mama yake, siku zake za mwisho kitandani, alimshika mkono akamwambia, "Wewe usije ukakitia mdomoni." Naye akaapa. Wapo wanaoapa na kusahau kabla ya jioni. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, na mpaka leo anakumbuka jinsi mkono ule ulivyokuwa mwepesi.

Haya, turudi mezani.

"Nianze na samaki," alisema Bwana Pua.

Samaki alikuwa wa Mpishi Kofia. Alilala kwenye sosi nyekundu ya pilipili, amepambwa majani pande zote. Bwana Pua alikata kipande, akatafuna, akatia mdomoni funda moja la mvinyo. Uso wake ulikunjamana wote, kuanzia kidevuni hadi kwenye upara. Akatema.

"Samaki mzuri," alisema. "Mvinyo mzuri. Lakini pamoja, ni kama nimenyonya msumari. Na hiyo pilipili imeuwasha mvinyo moto. Kwa nini samaki?"

"Nililinganisha rangi," alisema Mpishi Kofia. "Mvinyo mwekundu, sosi nyekundu."

"Kwa hiyo ningeleta mvinyo wa njano ungenipa yai?"

Sasa zamu ya kucheka ilikuwa ya Mama Chumvi, ila hakuitumia. Uma wa Bwana Pua ulikuwa umeshaingia kwenye sahani yake.

Alikuwa amepika steki laini isiyo na mafuta hata chembe. Mafuta yote aliyakwangua kwa kisu kidogo asubuhi ile, kwa sababu Meneja alimnong'oneza kwamba wageni wa heshima wanaogopa mafuta kuliko wanavyoogopa mbwa. Bwana Pua alitafuna. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Chumvi akapumua. Kisha Bwana Pua akatia mvinyo mdomoni, na mashavu yakaingia ndani.

Akatema.

Safari hii Mama Chumvi alijua kinachotemwa ni mvinyo. Bado iliuma vilevile.

"Umepika vizuri, mama, kuliko nilivyotegemea," alisema Bwana Pua. "Lakini mvinyo huu una nguvu. Umetafuta mtu wa kushikana naye kwenye sahani, haukumpata, ukanigeukia mimi. Mdomo wangu umekauka kabisa."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Gari langu linakuja saa nane kamili. Kila mmoja aniletee sahani moja nyingine. Nikikosa tena, nitamwambia mwenye hoteli auze mvinyo wake na karanga."

Akamjazia kila mmoja jagi dogo la mvinyo aende nalo jikoni. Meneja aliketi kwenye kiti kilicho karibu na kuanza kujipepea kwa ile menyu.

*

Nyuma ya jiko cheche zilikuwa zinaruka. Shemeji alikuwa anachomelea geti la mlango wa nyuma. Ni mdogo wake mume wa Mama Chumvi, fundi wa vyuma, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri.

"Shemeji! Njoo hapa!"

"Nimeiba nini tena?"

"Njoo na ulimi wako."

Shemeji aliinua miwani ya kuchomelea, akaliona jagi, na kifaa cha kazi kikaanguka chenyewe.

"Shemeji yangu," alisema kwa upole ambao hajawahi kuutumia kwa mtu, "nilikuwa najua siku moja utanipenda."

"Onja, uniambie."

Alionja. "Mtamu!"

"Sikukuuliza hivyo. Ukishika chuma unajua kinapinda wapi na kinavunjika wapi. Niambie huu unafanya nini mdomoni."

Shemeji alipata heshima mpya kwa ulimi wake. Akanywa tena, akafumba macho.

"Unaanza na tunda. Jeusi, limeiva mpaka linataka kupasuka. Halafu pilipili manga, kwa mbali. Halafu ubao ulioungua kidogo, kama nilivyounguza fremu ya mlango wenu mwaka juzi."

"Fremu hiyo hujairekebisha mpaka leo. Endelea."

Funda la tatu. "Hapa sasa unabadilika. Unakukamata fizi. Meno yanaota manyoya. Mate yanakimbia."

"Unakausha?"

"Unakausha, shemeji. Ukakasi mtupu."

"Kama ndizi mbichi?"

Shemeji alifikiri. Akanywa funda la nne ili afikiri vizuri.

"Hapana. Kama chai ya mzee."

Mama Chumvi alisimama pale pale, kisu mkononi.

Chai ya mzee! Ndugu msomaji, familia nzima ya mume wake inaijua chai hiyo. Marehemu baba mkwe alikuwa akiteleka birika alfajiri na kuliacha mekoni mpaka mchana, majani humo humo, bila maziwa, bila sukari. Mgeni alikuwa akinywa funda moja na kukumbuka ghafla kwamba ana safari. Mzee mwenyewe aliinywa na ubavu wa ng'ombe wenye mafuta uliobaki jana yake. Akauma, akanywa, akauma, akanywa, akatabasamu.

Mama Chumvi alipoolewa, wiki ya kwanza, alitaka kumfurahisha baba mkwe. Akaukwangua ubavu ukabaki nyama tupu. Mzee alionja chai, akaonja nyama, akamwita.

"Mwanangu," alimwambia, "mafuta ndiyo yanayoifuga chai hii. Umeyatupa wapi?"

Alilia siku hiyo chumbani kwake. Na leo, akiwa na mvi na miaka kumi na tisa ya jiko, alikuwa amelirudia kosa lile lile kwa kisu kile kile cha kukwangulia.

"Mafuta!" alipiga kelele. "Mbavu, shemeji! Mbavu zenye mafuta!"

Alikimbilia friji. Ndiyo, mbavu zilikuwepo, zimeganda, ngumu mpaka ungeweza kujengea ukuta. Hata zingekuwa laini, mbavu zinataka saa tatu za moto mdogo. Yeye alikuwa na nusu saa tu. Aliegemea mlango wa friji. Kwa mara ya kwanza siku ile moyo ulimfa.

Hapo hapo kengele ikalia. Saa saba na nusu. Chakula cha mchana cha wafanyakazi.

Mama Chumvi aliinua pua. Harufu ilikuwa inatoka jiko la nyuma, harufu ya kitu kilichochemka taratibu tangu asubuhi, na aliifahamu.

Leo wafanyakazi wanakula mbavu!

*

Alipofika, sufuria ilikuwa tupu. Watu wa usafi, watu wa vyumba, dada wa vyombo, watu wasioisubiri kengele, wote walikuwa wameshakula au wanalamba vidole. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Mlinzi wa getini, na alikuwa ndiyo anaondoka na kibati chake cha chakula, mbavu tatu ndani.

"Mlinzi! Simama!"

Mlinzi, ambaye kazi yake ni kuwasimamisha wengine, alisimama.

"Nipe mbavu hizo."

"Mama, nimesimama juani tangu asubuhi."

"Nitakupikia kesho."

"Kesho sina njaa. Nina njaa leo."

"Nitakupikia wiki nzima. Kwa mkono wangu. Nikuletee getini."

"Na viazi?"

"Na viazi."

"Vya kukaanga?"

"Mlinzi, jiko langu linaondoka!"

Mlinzi alimtazama usoni, akaona machozi yako karibu, na ubishi ukamwisha. Alitoa ubavu wa kwanza. Akatoa wa pili. Wa tatu aliufunika kwa kiganja.

"Huu nimeshauahidi tumbo langu, mama. Unisamehe."

Mbili zilitosha. Mama Chumvi alirudi mbio akiwa amezibeba kwenye aproni. Akaziweka juu ya makaa, mafuta yakaanza kulia na kuchuruzika, nyama ikashika rangi ya kahawia pembeni. Mafuta yaliyodondoka aliyakinga kwenye kikaango, akatupia uyoga na kitunguu. Moshi ulipanda vizuri. Ilibaki chumvi, na chumvi ndiyo jina lake. Ikizidi, imeharibu. Ikipungua, mvinyo utamkamata tena yule bwana mashavuni. Ilibidi mtu aonje nyama na mvinyo pamoja.

"Shemeji! Onja hii!"

Akageuka.

Shemeji alikuwa amekumbatia friji. Jagi lilikuwa limebaki na mvinyo wa kina cha kidole.

"Shemeji," alisema kwa hisia kali, "kila kitu kiko sawa. Hata friji hili liko sawa. Nimelionea miaka mingi."

Alimtia kipande cha uyoga mdomoni. "Tamu," alisema Shemeji. Akampa kipande cha kitunguu kibichi. "Tamu." Shemeji mwenyewe akalamba sifongo la vyombo. "Hili limezidi utamu."

Ona mambo hayo! Mwanamke ametoka kugombana na mtu mzima kwa sababu ya kutema, halafu amesahau kuuambia ulimi wake wa kuazima uteme. Saa ilikuwa saa saba na dakika arobaini na tano.

Mpishi Kofia alikuwa mekoni kwake, akiipaka keki asali. Aliyaona yote.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya kejeli, hilo lazima niliseme, "onja mwenyewe. Weka mdomoni, uteme. Yule bwana anatema maisha yake yote na hajalewa. Nani atajua?"

Mama Chumvi alilichukua jagi. Akalileta puani. Tunda lile jeusi lilikuwepo kweli, na pilipili manga, na ubao ulioungua. Mimi ninayekuandikia ningekunywa, na ningejieleza baadaye. Yeye alifikiria jiko lake, akafikiria mapipa ya taka, kisha akaukumbuka ule mkono mwepesi juu ya shuka.

"Nitajua mimi," alisema.

Akaliweka jagi chini. Na alipoliweka, mkono wake uligusa kitu cha moto pembeni, akaruka. Lilikuwa birika la chai ya wafanyakazi, limekaa mekoni tangu alfajiri, majani humo humo.

Alimimina kikombe. Chai ilitoka nyeusi tititi. Akaonja. Fizi zikakamatwa, mate yakakimbia, meno yakaota manyoya.

"Baba mkwe," alinong'ona, "karibu jikoni."

Akadondoshea tone la ndimu, maana mvinyo ule ulinukia uchachu kidogo. Akauma ubavu, akanywa chai. Bado ilikamata. Chumvi, vidole viwili. Akauma, akanywa. Ilikamata kidogo. Chumvi, punje chache tu. Akauma, akanywa, na chai ile kali ikateremka laini kama iliyotiwa maziwa.

"Hapo hapo," alisema Mama Chumvi.

*

Saa saba na dakika hamsini na mbili. Bwana Pua alianza na keki.

Mpishi Kofia alikuwa ameamua kwamba ukali utashindwa na utamu. Bwana Pua aliuma, akapiga funda, akatema upesi kuliko mara zote.

"Asali imeunyang'anya mvinyo tunda lake lote," alisema. "Kilichobaki ni siki."

Sahani ya Mama Chumvi ikasogezwa. Ubavu mmoja, uyoga pembeni, hakuna pambo. Ule mwingine ulikuwa umekwisha kwa kuonjwaonjwa na chai. Kwenye dirisha la kupitishia chakula vichwa vilikuwa vimejipanga: watu wa usafi, watu wa vyumba, dada wa vyombo, Mlinzi na kibati chake, na Shemeji aliyeegemezwa kwenye ukuta.

Bwana Pua alikata kipande chenye mafuta pembeni. Akatafuna taratibu. Akainua glasi, akajaza mdomo, akafunga macho.

Watu wote walitazama ndoo.

Bwana Pua aliinama kidogo upande wa ndoo, kama alivyozoea. Akasita. Shavu la kulia lilijaa, kisha la kushoto. Akarudi kukaa wima. Na mbele ya macho ya ukumbi mzima, koromeo lake likapanda, likashuka.

Amemeza!

Meneja alidondosha menyu. Bwana Pua mwenyewe aliweka mkono kooni, akamwangalia Mama Chumvi kwa mshangao.

"Umenifanya nini?" aliuliza. "Miaka ishirini na sita."

"Nimekupa ubavu tu, mzee."

"Mvinyo umenyooka. Tunda limerudi, ukakasi umelala. Ulijuaje? Uliuonja mvinyo wangu?"

"Nilionja na chai," alisema Mama Chumvi, akaanza kulia palepale, machozi na kicheko pamoja. Dirishani vigelegele vililipuka. Bwana Pua alifungua daftari lake, akachukua kalamu.

"Basi naandika. Jiko kubwa ni la..."

"Usiandike."

Mpishi Kofia alikuwa amesimama. Kofia ameivua, ameishika kifuani.

"Ubavu huo si wake," alisema. "Umetoka kwenye sufuria ya wafanyakazi. Na leo sufuria ya wafanyakazi nimepika mimi. Niliiteleka saa moja asubuhi."

Meneja alichungulia karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni, na shingo yake ikafupika.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Leo ni zamu yake."

"Uongo!" Mlinzi alipaza sauti dirishani. "Aliteleka Mama Chumvi. Nilimwona kwa macho yangu."

"Hata mimi nilimwona," alisema dada wa vyombo.

"Sisi wote wa vyumba tulimwona."

"Mimi nilimshikia kuni," alisema Shemeji. Jiko la nyuma linatumia gesi.

Mpishi Kofia aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na rafiki hata mmoja dirishani pale, na kwa mara ya kwanza tangu aje alionekana mfupi. Mama Chumvi angeweza kunyamaza. Alihitaji kunyamaza tu, hata kusema uongo asingelazimika.

"Nyamazeni," alisema. "Ameteleka yeye. Nyama ni yake. Mimi nilikuta imeiva."

Mlinzi alijipiga kwenye paji la uso. Shemeji alianza kulilaumu friji, ingawa friji lilikuwa chumba kingine.

Bwana Pua aliweka kalamu chini. Nje honi ya gari ililia. Hakugeuka.

"Kuna ubavu mwingine wa sufuria ile?" aliuliza. "Ambao huyu mama hajaugusa?"

Macho yote yakahamia kwenye kibati cha Mlinzi.

"Hapana," alisema Mlinzi.

"Mlinzi," alisema Mama Chumvi.

Mlinzi alipitisha kibati dirishani kwa mikono miwili, akageuza uso asione. Ubavu wa tatu ukawekwa kwenye sahani safi, vilevile ulivyotoka kwenye sufuria ya Mpishi Kofia.

"Nisikilizeni wote," alisema Bwana Pua. "Nikimeza, chakula ni cha aliyeiteleka sufuria, na jiko ni lake. Nikitema, ni cha aliyeimaliza kazi. Hakuna mjadala."

"Nakubali," alisema Mpishi Kofia.

"Nakubali," alisema Mama Chumvi.

Bwana Pua alikata kipande. Kilikuwa na mafuta, tena mengi. Akatafuna. Akatikisa kichwa polepole, na Mpishi Kofia akaikunja kofia yake mara mbili. Bwana Pua akainua glasi, akajaza mdomo, akafunga macho. Honi ililia mara ya pili. Shavu la kulia likajaa. Shavu la kushoto likajaa.

Ndoo ilikuwa imesogezwa na miguu ya watu, imefika chini ya meza ya pili. Mama Chumvi aliiona. Akaenda, akainama, akaiokota. Ndiyo, yule yule aliyetoka jikoni na upawa kwa sababu mtu katema, sasa alipiga magoti mbele ya Bwana Pua, ndoo ameishika kwa mikono miwili chini ya kidevu chake, akimwomba Mungu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ateme. Ateme. Ateme."

Bwana Pua alifumbua jicho moja, akamtazama. Koromeo lake likaanza kupanda.

Itaendelea wiki ijayo.